Jina lako liko kwenye daftari gani? Historia ya kusaidiana wakati wa majanga, Shinyanga na Geita

SEHEMU YA 1: Swali la kwenye benchi

Mimi ni muuguzi huku Kanda ya Ziwa. Wengi mmenizoea kwa masomo ya uji wa mtoto, chanjo na dalili za hatari. Wiki hii uji tunauweka pembeni, tunaongea historia. Nitagawa sehemu sita ili usome taratibu ukiwa unanyonyesha.

Kuna swali naulizwa sana kwenye benchi la kliniki: "Nesi, ugonjwa mkubwa ukija tena kama ule wa korona, sisi watu wa kawaida msaada wa hela tunaupatia wapi?" Nikimjibu mtu kwa haraka nitamwambia nenda kwa mtendaji, nenda ustawi wa jamii, nenda TASAF. Si jibu baya, ila halimwelezi kwa nini majirani wawili wenye shida ileile wanakwenda ofisi ileile, halafu mmoja anapata na mwingine anarudi mikono mitupu.

Nimesoma na kuuliza wazee, na jibu nililolipata ni hili: katika kila janga lililopita huku kwetu, msaada ulipita kwenye daftari ambalo lilikuwepo KABLA ya janga. Aliyekuwa ameandikwa alifikiwa, japo kwa kuchelewa. Asiyeandikwa alibaki na huruma ya jirani, na huruma ya jirani nayo ina mipaka yake. Tutaona.

Kwetu hili ni zito kuliko mikoa mingi kwa sababu ukanda huu una watu wa aina mbili. Kuna wenyeji wa kijiji, babu yake alizikwa pale na kila mtu anamjua. Halafu kuna waliofuata dhahabu: leo wako Nyarugusu, kesho wamesikia rashi Lwamgasa, keshokutwa Kakola au Mwakitolyo. Mama anauza chakula karibu na maduara, mtoto yuko mgongoni, kadi ya kliniki imebaki kwa bibi Sengerema. Huyo mama ndiye ninayemfikiria ninapoandika haya.

SEHEMU YA 2: Daftari la kichwani

Tuanze kabla ya karatasi. Usukumani kila kijiji kilikuwa na umoja wa vijana, na kiongozi wao aliitwa nsumba ntale. Kundi lao la kazi liliitwa elika. Walilima, walipalilia na walijenga kwa zamu, wakiimba, na mwenye shamba aliwalisha. Aliyeugua msimu wa kulima hakuachwa shamba liote nyasi. Juu yao alikuwepo ntemi, na sehemu ya nafaka aliyopewa na watu ilitakiwa iwarudie wakati wa njaa.

Daftari la hao watu lilikuwa kichwani. Nsumba ntale alijua nani alikuja kulima na nani alijificha. Ukishiriki kwa wenzako, na wewe ulishirikiwa.

Mwishoni mwa 1918, vita kuu ya kwanza ikiwa inaisha, ile homa ya mafua iliyoua mamilioni duniani iliingia Afrika Mashariki pamoja na wanajeshi na wapagazi. Zahanati zilikuwa chache mno na fedha za serikali za kumfuta machozi mfiwa hazikuwepo. Watu walikuwa na walichokuwa nacho, yaani jirani na ukoo. Sasa hapo ndipo palipokuwa na tatizo, maana mafua yale yaliwapiga zaidi watu wazima wenye nguvu, haohao wanaolima. Msaada wa jirani unafanya kazi vizuri shida ikiingia nyumba moja. Ikiingia nyumba zote kwa wiki moja, nani atamlimia nani? Shikilia hilo swali, tutalirudia.

Miaka ya 1950 daftari likawa la karatasi. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, akiwemo kijana Paul Bomani, waliunda vyama vyao wenyewe ili wapime pamba yao bila kuibiwa kwenye mizani. Mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, moja ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika kwa wakati wake. Mwanachama alikuwa na kadi, alikuwa na namba, na alikuwa na mahali pa kwenda kudai haki yake. Ila angalia kadi za zamani kama babu yako alihifadhi: kwa sehemu kubwa jina ni la baba. Mama alilima pamba ileile na jina lake halikuwepo.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Vilirudishwa miaka ya 1980, Shinyanga ikapata SHIRECU, lakini nguvu ile ya mwanzo haikurudi. Kwenye pengo hilo wananchi wakajiandika wenyewe upya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye mpaka wa Shinyanga na Tabora, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wakaanzisha sungusungu. Karibu kila mtu mzima wa kijiji aliwajibika: kwenda kwenye mwano, kutoa mchango, kufika msibani.

Tuseme na upande wa pili bila kuficha. Sungusungu hao hao walikuwa na sura mbaya kwa baadhi ya watu, hasa bibi wazee waliosingiziwa uchawi. Jamii inayoweza kukuandika inaweza pia kukufuta. Ukisikia mtu anausifu umoja wa zamani kama vile haukuwa na majeraha, muulize bibi.

SEHEMU YA 3: UKIMWI ulipofika, na nani alilipa

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Kipindi hicho Chato, ambayo leo ni wilaya ya Geita, ilikuwa bado ndani ya Biharamulo, Kagera. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa mlangoni kwetu tangu siku ya kwanza. Ulifuata barabara, ulifuata minada ya ng'ombe, ulifuata machimbo. Mpaka utafiti wa kitaifa wa 2011/12, Shinyanga ilikuwa na maambukizi ya asilimia 7.4 kwa watu wa miaka 15 hadi 49, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5.1.

Angalia na wakati ulivyokuwa mbaya. Mwaka 1993 serikali ilianza kuchangisha wananchi kwenye hospitali zake, ambako mwanzo walitibiwa bure. Kulikuwa na msamaha kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na baadhi ya magonjwa, lakini lazima mtu ajue kuwa msamaha upo na aweze kuudai. Yaani ushirika umedhoofika, hospitali inataka hela, na ndipo ugonjwa unaoua polepole unaingia nyumbani.

Nani alilipa? Kwa sehemu kubwa, wanawake. Mke alimuuguza mume, halafu dada akamuuguza mke, halafu bibi akabaki na wajukuu. Ng'ombe waliuzwa, shamba likaachwa, binti akatolewa shule abebe ndoo ya maji. Hayo hayakuandikwa kwenye daftari lolote.

Kuna utafiti mmoja naupenda sana kwa sababu ulipima hasa kile tunachokiongelea. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walizifuatilia zaidi ya kaya 800 mkoani Kagera, wakirudi kuzitembelea tena na tena. Baadaye watu watatu, mmoja wao Mtanzania Phare Mujinja wa Muhimbili, walizichambua zile kaya zilizofiwa na mtu mzima. Wakauliza: hela ya kusaidia ilitoka wapi, lini, na ilikwenda kwa nani?

Wengi wetu tungejibu kwamba jamii iliwachangia zaidi waliokuwa maskini zaidi. Haikuwa hivyo. Kaya zenye uwezo zaidi ndizo zilizopokea misaada mikubwa zaidi kutoka kwa ndugu na marafiki. Kaya maskini zilitegemea zaidi MIKOPO, na hali hiyo iliendelea hadi mwaka mmoja baada ya msiba.

Soma tena hapo, mama. Mwenye mali alipewa, asiye na mali alikopeshwa.

Si kwamba watu wana roho mbaya. Mtu huchangia anayeamini atamrudishia siku moja. Mwenye shamba, mwenye ndugu wengi, mwenye watoto waliosoma, huyo ana mtandao mpana, na mtandao ni mali kama ng'ombe. Maskini hana cha kurudisha, kwa hiyo anapewa kwa masharti ya kulipa. Ukikumbuka rambirambi ulizohudhuria, utaona: kwenye msiba wa mwenye duka kubwa daftari la michango linajaa kurasa, na kwenye msiba wa kibarua linaishia ukurasa mmoja.

Ndiyo maana vyama vya kuzikana vya akina mama ni jambo la akili kuliko linavyoonekana. Mle ndani kila mtu anatoa kiasi kilekile na kila aliyefiwa anapata kiasi kilekile, awe na duka au asiwe nalo. Wanawake walipoliandika hilo kwenye daftari la mistari la shule, waliigeuza huruma kuwa haki. Huruma unaiomba, haki unaidai.

SEHEMU YA 4: Hela kubwa inaingia

Mwaka 2001 ilianzishwa TACAIDS. Mwaka 2002 ukaanzishwa Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, na mwaka huohuo mgodi wa Geita ukaanza ile safari ya kila mwaka ya kupanda Kilimanjaro kuchangisha fedha za UKIMWI pamoja na TACAIDS. Sehemu ya michango hiyo imesaidia kituo cha watoto cha Moyo wa Huruma pale Geita. Mwishoni mwa 2004 dawa za kupunguza makali ya VVU zikaanza kutolewa bure nchini. Miaka michache tu nyuma yake, dawa za mwaka mmoja kwa mgonjwa mmoja duniani ziliuzwa kwa maelfu ya dola, mpaka kampuni ya Cipla ya India ilipotangaza mwaka 2001 kuziuza kwa dola 350.

Dawa zilipofika, nani alizipata mapema? Waliokuwa kwenye orodha. Watu wanaoishi na VVU walikuwa wameshaanza kujikusanya wenyewe kwenye vyama. Kahama, kwa mfano, SHDEPHA+ ilikuwa na tawi lililojulikana. Mtu aliyejiunga alijua siku ya kliniki, alijua nani wa kumsindikiza, na akikosa kufika, wenzake waliuliza yuko wapi.

Ila kuandikwa kulikuwa na bei yake, na mimi kama muuguzi siwezi kuliruka hili. Kuonekana kwenye foleni ya kliniki ya tiba na matunzo ilikuwa kama kutangazwa sokoni. Wengine walikwenda wilaya ya tatu kuchukua dawa. Wengine waliandikisha jina lisilo lao. Mgonjwa akizidiwa nyumbani hakuna aliyejua kadi yake iko wapi, na jina la kwenye faili halikuwa lake. Mama akijifungua kwa jina lingine, ufuatiliaji wa mtoto unakatika. Tangu 2013 utaratibu ni kwamba kila mjamzito au anayenyonyesha akikutwa na VVU anaanza dawa na kuendelea nazo maisha yote. Huo mpango unamlinda mtoto vizuri sana, lakini unahitaji kitu kimoja: tujue tukutafute wapi. Aibu ya watu ilivunja daftari, na watoto ndio waliolipa. Kwa hiyo ukimsema mtu kwa sababu ya foleni aliyokaa, elewa unachokifanya.

Kwenye upande wa hela taslimu, TASAF ilianza mwaka 2000. Mwanzo ilijenga zaidi madarasa, zahanati na visima. Mwaka 2012 ulizinduliwa mpango wa kunusuru kaya maskini, na hapo ndipo akina mama wengi mkaanza kuisikia kwa jina. Kaya ililipwa kila baada ya miezi miwili, na sehemu ya malipo ilitegemea mtoto kufika kliniki au shuleni.

Jina linaingiaje? Haliamuliwi na mtu wa Dodoma. Linaanza kwenye mkutano wa kijiji au mtaa: watu wanakaa, wanataja kaya ambazo kweli hazina kitu, halafu zinahakikiwa. Kwa mwenyeji hiyo ni njia nzuri, maana majirani wanajua nani analala njaa. Lakini fikiria aliyehamia machimboni miezi minne iliyopita. Nani atamtaja? Mwenye nyumba hamjui hata jina la pili. Kijijini kwao alikotoka ameshafutwa kwa sababu "alihama". Huku hajaingizwa kwa sababu "si wa hapa". Yuko katikati, kama mtu aliyesimama kwenye daraja lililokatwa pande zote mbili.

SEHEMU YA 5: Korona

Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alitangazwa nchini, msafiri aliyegundulika Arusha. Siku ya pili shule zikafungwa, za msingi na sekondari zikaja kufunguliwa tarehe 29 Juni, isipokuwa kidato cha sita waliorudi tarehe 1. Takwimu za wagonjwa zilikoma kutangazwa mapema Mei zikiwa 509, na vifo 21. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021.

Nchi yetu haikufunga watu ndani kama majirani, kwa hiyo wengi wanasema sisi hatukuumia. Waulize waliouza chakula Kahama kwa madereva wa malori ya Rwanda na Burundi, siku zile foleni ya kupima ilipojaa mpakani Rusumo. Waulize wazazi wa mabinti. Huku kwetu ambako ndoa za utotoni zilikuwa juu kuliko mkoa mwingine wowote, maana utafiti wa 2010 ulikuta Shinyanga asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya miaka 18, miezi mitatu binti yuko nyumbani bila shule si jambo dogo.

Na dhahabu ilifanya kitu cha ajabu. Agosti 2020 bei yake duniani ilivuka dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza. Yaani dunia inaugua, na mawe yetu yanapanda bei. Lakini bei hiyo inamfikia nani? Inamfikia mwenye leseni, mwenye karasha, mwenye mtaji wa kuchenjua. Mama anayeponda mawe kwa malipo ya siku anaisikia redioni.

Je, serikali zilitoa hela mkononi? Tuangalie wenzetu kidogo, maana daftari linaonekana vizuri hapo.

Togo, Afrika Magharibi, Aprili 2020 walianzisha mpango ulioitwa Novissi. Walitumia daftari la wapiga kura. Mtu alibonyeza simu, akaingiza namba ya kadi ya mpiga kura, na akikubaliwa hela iliingia kwenye simu yake. Wanawake walipewa zaidi kidogo kuliko wanaume. Hawakuandika watu upya, walichukua daftari lililokuwepo.

Uganda, Julai 2021 wakiwa wamefungiwa, serikali ilituma shilingi 100,000 za Uganda kwa watu wa mijini waliokosa kazi, kwa simu. Wapo waliokwama kwa sababu laini ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Jamani, hapo wangapi tunatumia laini ya shemeji?

Kwetu, awamu ya pili ya mpango wa kunusuru kaya maskini ilizinduliwa Februari 2020, mwezi mmoja tu kabla ya korona. Kaya zilizokuwa ndani zilikuwa na njia ya kufikiwa. Kisha Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567.25, na Oktoba ukazinduliwa ule mpango uliojulikana kama wa trilioni 1.3. Nyingi zilikwenda kwenye vitu vinavyoonekana: madarasa 15,000, miradi ya maji, vifaa vya hospitali ikiwemo mitambo ya hewa ya oksijeni. Ni vitu vya maana, na baadhi yenu watoto wenu wamekaa kwenye madarasa hayo. Lakini darasa halinunui unga wiki ambayo biashara imelala.

Unga ulinunuliwa na nini? Kwa niliyoyaona mimi, ulinunuliwa na kikoba. Vikundi hivi vya kuweka na kukopa vina asili ya mbali. Mfumo wake ulianzia Niger mwaka 1991 kwa jina la Mata Masu Dubara, kupitia shirika la CARE, ukafika kwetu na kuitwa VICOBA. Kuna sanduku, kuna funguo tatu kwa watu watatu, kuna hisa, na pembeni kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Wakati wa korona, mfuko huo mdogo wa jamii ndio uliotoka haraka kuliko chochote.

Sasa lile swali la 1918. Shida ikiingia nyumba zote kwa pamoja, sanduku linakauka. Mwezi wa kwanza kikoba kilisaidia. Mwezi wa tatu wote walitaka kukopa na hakuna aliyerejesha. Vikundi ambavyo havikuwa na uhusiano na kitu chochote nje yao vilivunjika. Vilivyokuwa vimesajiliwa halmashauri vilikuwa na mlango wa pili wa kugonga. Hilo ndilo somo la miaka mia moja: jirani anakuvusha wiki za mwanzo, lakini janga likirefuka lazima jirani zako wawe wameunganishwa na mfuko mkubwa kuliko wao.

Waliokosa vyote viwili, kikoba na halmashauri, walikwenda wapi? Kausha damu. Unakopa asubuhi, riba inakimbia kila siku, mwisho wa wiki anakuja kubeba godoro na jiko. Ndiyo ile ya Kagera ya 1991 tena: mwenye nacho anapewa, asiye nacho anakopeshwa. Tofauti ni kwamba leo mkopeshaji yuko ndani ya simu.

SEHEMU YA 6: Madaftari ya kuingia kabla mvua haijanyesha

Historia bila kazi ya mkono ni hadithi tu. Haya ndiyo madaftari ninayokushauri uhakikishe jina lako lipo, wakati huu ambao hakuna janga.

1. Daftari la kitongoji au mtaa. Ukihamia machimboni, wiki ya kwanza nenda kwa mwenyekiti ukajitambulishe, hata kama unakaa miezi mitatu. Ukiweza, toka kwenu na barua ya utambulisho. Hudhuria mikutano. Kwenye mkutano ndiko majina yanakotajwa, na watu humtaja wanayemwona.

2. Kitambulisho, laini ya simu na cheti cha mtoto. Laini iwe kwa jina lako mwenyewe. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa chini ya miaka 5 kifuatilie kituo cha afya au ofisi ya kata, hakihitaji uende wilayani.

3. Kadi ya kliniki, na kama unatumia dawa za kila siku, kadi yake pia. Ukihama, omba barua ya uhamisho. Hatukuulizi kwa nini unahama. Usianze upya kwa jina jipya, maana ukifanya hivyo historia ya mtoto wako inapotea. Siri yako ni wajibu wetu kisheria, na muuguzi anayeitoa nje anastahili kushtakiwa kwa viongozi wake.

4. Kikundi kilichosajiliwa. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inataka vikundi visajiliwe. Na kuanzia 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 ili kurekebisha kasoro, ikarudi 2024. Halmashauri za ukanda wa dhahabu zinapata ushuru wa huduma kutoka migodini, kwa hiyo asilimia 10 yenu si ya kuchezea. Mtu wa kumwona ni ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Nenda kama kikundi, usiende peke yako, na mwende na daftari lenu la mahudhurio.

5. Bima. Mfuko wa afya ya jamii ulianzia hapo jirani Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa 2018 mchango ulikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka. Sheria ya bima ya afya kwa wote imepitishwa 2023, kwa hiyo uliza kituoni kwako utaratibu wa sasa ukoje.

6. Ustawi wa jamii. Huyu wengi hamumjui. Hospitali za wilaya na mikoa zina ofisa ustawi wa jamii. Kama huna hela ya matibabu, usitoroke wodini usiku na mtoto mwenye kidonda. Mwombe muuguzi akuelekeze kwake. Msamaha upo, lakini lazima mtu auandike.

Na kwa ninyi wenyeji, ambao mmeandikwa kila mahali na kila mtu anawajua: daftari la kikundi chenu lina nafasi ngapi za wageni? Yule mama anayepanga chumba nyuma ya karasha, anayeuza mihogo na maharage, ambaye hata jina lake hamlijui vizuri, ana mtoto wa umri sawa na wa kwako. Mkiwa na mkutano wa mtaa mwezi huu, mchukueni twende naye. Mtajeni kwa jina. Kumtaja ni bure, na kwa historia yetu, huo ndio msaada wa kwanza ambao wengine wote hupitia juu yake.

Mtumie haya mwenzio aliye machimboni. Wiki ijayo tunarudi kwenye uji wa lishe.